Prius ya 2011 yenye kilomita 214,000: kabla hujanunua betri kubwa

Swali: Nina Toyota Prius ya 2011, ile ya injini ya 1.8, iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Sasa imetembea kilomita 214,000. Asubuhi injini ikiwaka mara ya kwanza hutetemeka kama sekunde kumi, halafu inatulia kabisa. Kwenye foleni kuna feni inavuma nyuma ya kiti. Zamani lita moja ilinipa kilomita 20 mjini, sasa hazizidi 15. Fundi mmoja kaniambia betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. Mwingine anasema haibridi haina sevisi, ni kumwaga oili tu. Nimsikilize nani, na sevisi kamili ya gari hili ni ipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu:

Ndugu msomaji, kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Betri kubwa haihukumiwi kwa mvumo wa feni. Inahukumiwa kwa namba ya kosa iliyosomwa na mashine na kwa volti za bloku zake 14, yaani makundi ya seli zake, na fundi ambaye hakukuonyesha hivyo viwili amebahatisha kwa pesa yako. Huyu wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu maneno yake yanapendeza. Gari hili lina mizunguko miwili ya kulanti (maji ya kupozea) inayojitegemea, gia boksi yenye oili yake, pampu za maji za umeme, feni ya kupoza betri na breki zenye pampu yake ya presha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojisafisha chenyewe.

Dalili zako tatu zina uwezekano mkubwa wa kutoka sehemu mbili tofauti. Kutetemeka asubuhi ni suala la injini. Feni ni suala la njia ya hewa ya betri. Ulaji wa mafuta unaweza kutokana na vyote viwili, au na kalipa ya breki iliyong'ang'ania, au na matairi yasiyo na upepo wa kutosha. Kinachoviunganisha ni joto lisilopata pa kutokea. Prius za kizazi hiki, zenye chesisi inayoanza na ZVW30, naona zinamalizwa na vijia vilivyoziba kuliko zinavyomalizwa na kilomita.

Anza na kutetemeka. Betri mbovu itakuegesha pembeni ya barabara, lakini kutetemeka huku kukiachwa kunaua injini nzima.

Kutetemeka asubuhi: EGR au gasketi?

EGR ni mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kushusha joto la mwako na kubana matumizi ya mafuta. Kwenye injini yako, 2ZR-FXE, moshi huo hupitia kwanza kwenye kipoza, kisanduku cha chuma chenye vijia vyembamba sana vinavyozungukwa na kulanti. Kimejificha nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini. Kutoka hapo moshi unapita kwenye vali na bomba, na mwisho unaingia kwenye manifodi ya kuingizia hewa, ambako kila silinda ina tundu lake dogo la EGR. Masizi ya moshi yakikutana na mvuke wa oili yanageuka kitu kama lami iliyokauka. Kwa kilomita zako, kama kipoza hakijawahi kufunguliwa, tarajia kukuta vijia vingi vimezibwa.

Matundu ya manifodi hayazibi kwa kiasi kimoja. Silinda moja inapata moshi wake, jirani yake haipati, hivyo mwako wa silinda moja unakuwa mkali kuliko wa nyingine. Injini inaanza kugonga kwa ndani, na gasketi ya silinda hedi inapikwa taratibu mpaka inapitisha kulanti tone kwa tone. Gari likilala usiku presha ya mfumo wa maji ikiwa bado ipo, tone linaingia kwenye silinda. Asubuhi silinda hiyo inamisi, yaani haiwaki sawasawa, mpaka maji yaishe. Ndiyo sababu gari linatulia baada ya sekunde chache na mwenye gari anaona limepona.

Kwa hiyo kabla ya kusafisha chochote, jua kwanza gasketi ikoje. Injini ikiwa baridi, weka alama kwa kalamu ya wino kwenye tanki la kulanti ya injini, penye usawa wa maji. Endesha wiki mbili, kisha angalia tena injini ikiwa baridi vilevile. Kulanti ikishuka na chini ya gari hakuna unyevu wala alama ya pinki iliyokauka kwenye pampu ya maji, kuna pahali inaingia ndani. Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki: jioni fundi afunge kifaa cha kupimia presha ya rejeta, apandishe mpaka kiasi cha bar 1, aache usiku kucha. Asubuhi, bila kuwasha, afungue plagi zote nne na kuingiza kamera ndogo ya waya kwenye kila tundu. Kichwa cha pistoni kilicholowa, au kinachong'aa kwa usafi wakati vingine vitatu ni vyeusi, ndicho kinachooshwa na kulanti.

Mashine nayo isomwe. P0300 hadi P0304 ni kumisi, na kuanzia P0301 tarakimu ya mwisho inakuonyesha silinda. P0401 ni moshi wa EGR usiotosha. Lakini gari linaweza kutetemeka miezi mingi bila kuwasha taa yoyote, kwa hiyo kukosekana kwa kosa kusikulaze usingizi.

Gasketi ikiwa imepitisha, simamisha gari. Dawa za kumimina kwenye rejeta zinazoahidi kuziba gasketi zinaziba rejeta na kipasha joto kwanza, na kulanti ikijikusanya kwenye silinda inaweza kupindisha konrodi, mkono unaosukuma pistoni, siku moja asubuhi. Fundi akifungua hedi, aipeleke ikapimwe kama imepinda, na kipoza cha EGR kisafishwe siku hiyohiyo. Gasketi mpya kwenye mfumo wa EGR ulioziba inarudi kwenye tatizo lilelile.

Gasketi ikiwa nzima, una bahati, na kazi ni usafi. Inaenda hivi. Ondoa waipa na trei yake ya plastiki ili upate nafasi nyuma ya injini. Punguza kulanti, kwa sababu mipira miwili ya maji inaingia kwenye kipoza. Fungua bomba la EGR, vali, kisha kipoza chenyewe. Baadhi ya vijiti vya boliti vina kichwa cha nyota ya nje, na bila kuvitoa kipoza hakichomoki, kwa hiyo fundi awe na soketi zake. Kipoza kijazwe maji ya moto yenye dawa kali ya kuondoa grisi, kikae saa kadhaa, kitikiswe, kimwagwe, kirudiwe mpaka maji yatoke masafi. Mara ya kwanza yatatoka meusi kama wino. Kipimo cha kuridhika ni kukishika juu ya mwanga na kuona kila kijia kinapitisha. Maji kutoka upande wa pili hayatoshi kuwa ushahidi, maana yanapita hata kwenye kipoza kilichoziba nusu.

Vali isafishwe kwa dawa ya kabureta na mswaki wa zamani, upande wa moshi tu. Mota yake isiloweshwe. Manifodi itolewe mbele ya injini, na hapo utayaona yale matundu manne: mara nyingi moja au mawili hayaonekani kabisa mpaka uyatafute kwa waya. Gasketi za kipoza na za manifodi ziwe mpya. Ukiwa hapo safisha pia throto, mlango wa hewa ya injini, na badili vali ya PCV, ambayo ni kitu cha bei ndogo na ndiyo inayoamua mvuke wa oili kiasi gani urudi kwenye manifodi. Kwa fundi anayeifanya mara ya kwanza hii ni kazi ya siku nzima. Irudie kila kilomita 80,000 hivi.

Plagi zikishatoka, kama hujui zilibadilishwa lini, weka mpya. Zake ni iridiamu, Denso SC20HR11, na feki ni nyingi sokoni. Ya bei ya kutupa iache dukani.

Ukirudishia kulanti ya injini, hewa itabaki ndani, na pampu ya maji ya gari hili ni ya umeme, haina mkanda wa kuizungusha. Ili kuitoa hewa lazima injini ibaki inanguruma, na haibridi ina tabia ya kuzima yenyewe. Tumia hali ya matengenezo. Gari likiwa P, bonyeza POWER mara mbili bila kukanyaga breki. Kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili. Peleka N, kanyaga mpaka chini mara mbili. Rudisha P, kanyaga mara mbili tena. Kisha kanyaga breki na ubonyeze POWER. Yote yafanyike ndani ya dakika moja. Kwenye dashibodi yataandikwa maneno ya hali ya matengenezo na injini haitazima. Usiendeshe gari likiwa katika hali hiyo, maana unaweza kuharibu gia boksi. Zima kwanza ndipo uwashe kawaida. Kosa la P261B likitokea, pampu hiyo ya umeme inaelekea mwisho. Kwa kilomita zako mimi ningeibadilisha pamoja na themostati wakati kulanti tayari imemwagwa.

Feni ya nyuma

Betri kubwa iko nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma. Ni moduli 28 za nikeli, jumla volti 201.6, na inapozwa kwa hewa ya kabini inayovutwa kupitia kile kidirisha cha plastiki chenye mapengo pembeni mwa kiti cha nyuma. Hewa hiyo ndiyo ileile ya kwenu: vumbi, nywele, nyuzi za vitambaa, na kama unabeba mbwa, manyoya. Vinaganda kwenye mapanga ya feni mpaka mapengo yanajaa kama sega la asali. Feni inazunguka kwa kelele kubwa na kuvuta hewa kidogo. Moduli za katikati zinapata joto kuliko za pembeni, zinachoka kwanza, kompyuta inaona tofauti na kuwasha pembetatu nyekundu pamoja na P0A80, kosa la betri kubwa. Hapo ndipo watu wanauziwa betri.

Anza na kidirisha: kivute, kina klipu tu. Baadhi ya magari yana kichujio nyuma yake, mengine hayana. Kisha toa kiti cha pembeni na plastiki ya upande huo, fungua feni, ambayo imeshikwa na boliti za namba 10, chomoa plagi yake ya umeme na uitoe. Safisha panga moja moja kwa mswaki laini na brashi ya rangi. Usiizamishe kwenye maji. Usipulizie kompresa kuelekea ndani ya betri, utahamishia vumbi kati ya moduli, mahali pasipofikika bila kuishusha betri yenyewe. Ukitumia mashine ya kuvuta vumbi, sawa.

Mpaka hapa mmiliki mwenye mkono mzuri anaweza kufanya mwenyewe. Kufungua kifuniko cha betri ni kazi nyingine kabisa. Waya wowote wa rangi ya chungwa ni umeme unaoua, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, inaupandisha umeme huo hadi volti 650. Fundi azime gari, funguo ikae mbali, atoe kichwa cha negativu cha betri ndogo, achomoe plagi ya usalama ya rangi ya chungwa kwenye buti akiwa na glavu za umeme za volti 1,000 zilizokaguliwa kwa kuzipuliza, na asubiri dakika 10 ili kapasita zishuke. Halafu apime kwa mita kabla ya kugusa. Ukimwona anaruka hatua hata moja, mwambie afunge boneti, kazi imekwisha.

Ndani, kitu cha kwanza cha kutazama ni vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Hewa ya pwani ina chumvi, na shaba hiyo inaota kutu ya kijani. Vikisafishwa mpaka ving'ae, au kuwekwa vipya vilivyopakwa nikeli, nati zake zikazwe kwa Nm 5.4 tu kwa spana ya toki. Anayekaza kwa hisia za mkono anang'oa kichwa cha moduli.

Volti za bloku

Feni ikishasafishwa, nunua au azima adapta ya OBD2 (soketi ya kusomea makosa ya gari) ya bluetooth na programu kwenye simu inayosoma data ya haibridi za Toyota, kama Dr. Prius. Fundi mwenye Techstream, programu ya Toyota ya kupimia magari, ataona hayohayo. Zitatokea bloku 14, kila moja ni moduli mbili. Zikiwa zimetulia zitakaribiana sana hata zikiwa mbovu, kwa hiyo zisome gari likifanya kazi: panda mlima ukikanyaga mafuta kwa nguvu, kisha shuka ukifunga breki, mwenzako akiangalia simu. Bloku zinazokwenda pamoja, zikipishana sehemu chache za kumi za volti, ni betri yenye maisha. Bloku moja ikiporomoka zaidi ya volti 1 chini ya nyingine kila unapokanyaga, na kuruka juu yao kila unapochaji, hiyo imechoka kweli.

Angalia pia joto. Betri ina sensa tatu. Zikitofautiana kwa nyuzi nyingi baada ya saa moja ya foleni, hewa bado haipiti vizuri, au gari lilikaa juani madirisha yamefungwa na hukuipa kabini muda wa kupoa. Kiyoyozi cha mbele ndicho kinachoipoza betri. Anayefungua vioo na kuzima kiyoyozi saa nane mchana akidhani anabana mafuta, anaipikia betri yake.

Vinavyosahauliwa

Inveta ina kulanti yake na tanki lake dogo karibu na inveta yenyewe, tofauti na la injini. Gari likiwa READY (neno hilo limewaka kwenye dashibodi, gari tayari kuondoka) na injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha tanki hilo na utazame. Uso wa kulanti lazima uwe unachezacheza. Ukikaa kimya kama maji ya kisimani, pampu yake imekufa, na kosa linalofuata ni P0A93, gari kupoteza nguvu mlimani. Kulanti ni ile ya pinki ya Toyota ya maisha marefu. Ratiba ya kiwandani inasema ya injini ibadilishwe mara ya kwanza kilomita 160,000 na ya inveta kilomita 240,000, kisha zote kila 80,000. Kwa gari usilojua historia yake, zibadilishe zote sasa. Usijaze maji ya bomba hata siku moja.

Kuhusu inveta hiyohiyo: Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 za kizazi hiki duniani kote kurekebisha programu ya inveta, na Oktoba 2018 ikaita haibridi zaidi ya milioni 2.4, zikiwemo za umri wa lako. Namba yako ya chesisi itakuambia kama lilirekebishwa Japani kabla ya kuuzwa. Ulizia kwa wakala wa Toyota.

Gia boksi haina mikanda wala klachi za kuisha, ndiyo maana watu husema haina sevisi. Lakini ndani yake mna mota mbili za umeme zinazooga kwenye oili hiyo, na oili iliyochoka ndiyo inayoharibu insulesheni ya nyaya zake. Ni ATF WS ya Toyota, lita 3.3 hivi. Fundi afungue kwanza boliti ya kujazia, ndipo ya kumwagia. Akianza na ya chini na ya juu ikagoma, gari limelala hapohapo. Ajaze gari likiwa sawa kwenye usawa wa ardhi mpaka oili iguse ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kila kilomita 60,000 hadi 80,000 inatosha, na boliti ziwekewe washa (pete) mpya.

Kiyoyozi: kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na oili ndani yake ni ND-11. Fundi wa gesi wa barabarani akiweka oili ya PAG anayotumia kwenye magari mengine, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, kosa P0AA6 linatokea na gari linaweza kukataa kuwaka. Muulize oili gani kabla hajafunga mipira yake.

Betri ndogo ya volti 12 iko kwenye buti, upande wa kulia. Haiwashi injini, kazi yake ni kuamsha kompyuta, na ikidhoofika dashibodi inajaa taa za kila rangi ambazo kwa macho ya mgeni zote zinasema betri kubwa. Ipime asubuhi gari halijafunguliwa: 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 inaomba kubadilishwa. Ikiwa READY, mita isome takriban 14. Mpya iwe ya aina ya AGM yenye kibomba cha kutolea hewa nje, maana inakaa ndani ya kabini na nyinyi. Ikizima kabisa, mlango fungua kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, na umeme wa kuazima uingize kwenye kichwa chenye kifuniko chekundu ndani ya boksi la fyuzi mbele. Ukigeuza nyekundu na nyeusi, unaweza kuunguza inveta kwa sekunde moja.

Breki

Kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi zinaweza kuvuka kilomita 100,000. Hilo linaponza pini za kalipa. Hazisogei, grisi inakauka, kutu inashika, na gurudumu moja linabaki limebanwa kidogo mchana kutwa. Ukifika nyumbani baada ya safari ya wastani, sogeza kiganja karibu na kila rimu. Yenye joto kuliko mwenziwe ndiyo inayokula zile kilomita zako tano kwa lita. Pini zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya silikoni kila mwaka.

Kabla fundi hajagusa breki, atoe negativu ya betri ndogo na asubiri kidogo. Ukifungua tu mlango wa dereva, kompyuta inaamsha pampu ya breki kujenga presha, na ikiwa kalipa iko nje ya diski, pistoni inatoka. Angalizo: buti inafunguka kwa umeme, kwa hiyo ikiwa betri imetolewa, usiifunge. Pistoni za nyuma hurudishwa kwa kuzizungusha, hazisukumwi kwa jeki ya C kama za mbele, na mfereji wake lazima ukutane na kijino kilicho mgongoni mwa pedi.

Sikiliza pia pampu yenyewe. Gari likiwa READY na mguu hauko kwenye breki, inapaswa kufanya kazi sekunde chache kisha inyamaze. Ikirudi kila baada ya sekunde kadhaa bila breki kuguswa, akyumuleta, chombo kinachotunza presha ya breki, inavuja ndani, na makosa ya C1391, C1252 au C1256 yako njiani. Hilo halisubiri mshahara ujao. Mafuta ya breki ni DOT 3, kila miaka miwili.

Oili ya injini

Ni 0W-20, lita 4.2 ukibadili na filta. Boliti ya kumwagia Nm 37, kikombe cha filta Nm 25, na mpira wake wa duara uwe mpya. Joto la Dar halihitaji 20W-50. Injini hii huwaka na kuzima mara nyingi kwa safari moja na oili nzito inafika juu imechelewa. Ikiwa imeanza kula oili, na pistoni ringi za kabla ya 2014 zina ugonjwa huo, 5W-30 nzuri ninaikubali. Mwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita. Wapo wanaosema haibridi iachwe hadi 10,000 kwa kuwa injini hupumzika. Injini inayopumzika sana kwenye foleni haipati moto wa kutosha kukausha petroli na unyevu ulioingia kwenye oili. Chomoa kijiti upime kila kilomita 1,000.

Kwenye foleni acha D au weka P. Ukiwa N mota haichaji, huku kiyoyozi kinaendelea kunyonya betri kubwa. Na gari likikwama, livutwe magurudumu ya mbele yakiwa juu.

Sasa, ukishafanya yote haya na bloku moja bado inaporomoka zaidi ya volti 1, betri itafutwe. Usikubali kubadilishiwa moduli moja au mbili tu kwenye betri ya umri huu: zilizobaki zina uchovu uleule, na baada ya miezi michache utarudi kwa bloku nyingine. Ikiwa pesa inatosha, nunua seti nzima mpya. Ikiwa ni ya kutumika kutoka gari lililobomolewa, mwambie muuzaji aifunge kwanza kwenye gari lako, mpande mlima mmoja na simu mkononi mkiangalia bloku 14, ndipo mzungumze bei. Akikataa, mwache na betri yake.